Mke wa Masikioni

"Pazia la chumba chake rangi gani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nikwambie mara ngapi? Simu inalala mezani, inaangalia juu. Nikiangalia naona dari. Dari nyeupe. Basi."

"Basi sema pazia jeupe."

"Kama ni bluu?"

"Kwani huyo afisa amewahi kuingia chumbani kwa mkeo? Wewe sema! Mtu anayejua anajibu haraka. Ukivuta maneno kama unavuta mkokoteni, watasema huyu mke kakodi."

"Kakodi nani? Niangalie vizuri. Mimi ni mtu wa kukodi mke?"

Aliyekuwa anauliza ni dada yake, na alikuwa amesimama nje uani, uso ameubandika kwenye nondo za dirisha kama mfungwa, maana alisikia kwamba kule ubalozini afisa anakaa nyuma ya kioo na wewe unasimama upande wa pili kama mkata tiketi. Aliyekuwa anajibu ni mdogo wake, fundi makochi, ambaye kesho yake ndiyo alikuwa anakwenda kuhojiwa ili apewe viza ya kumfuata mke wake. Na mama yao alikuwa katikati ya vita, amekaa juu ya kochi la mteja lililovuliwa kitambaa, springi nje, anakunja nguo polepole kama hawasikii.

"Mwanangu," mama akasema, "usiseme hujui. Ukisema hujui, watajua."

"Watajua nini, mama?"

"Watajua hujui."

Fundi akacheka, dada akacheka kule dirishani, lakini kicheko chenyewe hakikwenda mbali. Kila mtu pale alijua kuna nini cha kupoteza. Akishindwa kesho, basi. Mke atabaki kule, yeye atabaki huku, na ndoa itakuwa kama kochi lisilo na miguu: la kulitazama tu, hukai.

Mke wake alifika pale barazani, wanapofanyia kazi, mara ya kwanza kama mteja. Alileta kiti cha shangazi yake kibadilishwe sponji, akaambiwa aje kesho, akasema hapana, nasubiri. Akasubiri mpaka jioni. Kesho yake akarudi, kiti kikiwa kimeshakwisha, akasema amekuja kuangalia kama hakina kasoro. Dada akamwambia mdogo wake, "Huyo kasoro anayoitafuta si ya kiti." Wakaoana. Wakakaa chumba cha nyuma msimu mmoja wa mvua, kisha kazi aliyokuwa ameiomba zamani ikajibu, akaondoka kwenda nchi ya mbali kutunza watu katika nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Tangu hapo ikawa simu.

Lakini simu yao haikuwa simu ya watu wengine.

Fundi makochi anafanya kazi na misumari mdomoni. Ile midogo, ya kichwa bapa. Anaijaza upande wa shavu, anaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja mpaka kwenye midomo, anachukua, anagonga, anachukua, anagonga. Mkono wa kushoto umevuta kitambaa, hauwezi kuachia. Sasa mke alipokuwa akitoka kazini asubuhi, akipiga, fundi anapokea kwa kidole kidogo, anaweka simu mezani, na anachoweza kusema ni "mm." Mwanzoni mke alikuwa anasimulia, yeye anaitikia mm, mm-mm, mmm. Baadaye mke akachoka kusimulia, akawa anapanda kitandani na simu iko wazi. Yeye analala, huku fundi anagonga. Siku nzima. Hakuna anayesema kitu.

Dada yake, ambaye kazi yake ni kushona vitambaa vya makochi kwa cherehani, pembeni ya baraza hilo hilo, hakuipenda simu ile hata kidogo. "Bando linaisha kwa kusikiliza mtu anakoroma! Ndoa gani hii, ndoa ya mikoromo?"

"Hakoromi. Anapumua."

"Na mimi napumua. Mbona hunisikilizi?"

Fundi akasogeza misumari shavuni, akagonga.

Ila kilichokuwa kinamtokea hakumwambia mtu. Katikati ya mchana, jua likiwa limelala juu ya mabati na mtaa umesinzia, masikio yake yalikuwa yanaondoka. Yanaingia kwenye simu kama maji yanavyoingia kwenye mchanga. Mikono inabaki barazani inagonga, yeye mwenyewe yuko kule, amesimama katikati ya chumba ambacho hajawahi kukiona. Anajua birika liko kushoto, linaanza kunung'unika kabla ya kuchemka. Anajua dirisha haliingii sawasawa kwenye fremu, mke hulipiga kwa kiganja, likigoma hulipiga tena. Anajua ukutani kuna lifti inapita, na ikipita kuna kijiko kinalia ndani ya kikombe, ting, kidogo sana. Juu kuna mtu anajifunza tarumbeta na hajifunzi vizuri. Na kitanda. Mke akigeuka, kitanda kinasema neno moja refu, kisha pumzi inarudi, inakwenda, inarudi. Wakati mwingine fundi alikuwa anashtuka kugundua kwamba nyundo inafuata pumzi ile, wala hakuamua.

Hayo hayakuwemo kwenye mazoezi ya dada. Kwenye mazoezi ya dada kulikuwa na pazia.

Asubuhi fundi na dada yake wakaenda ubalozini. Getini akavuliwa mkanda, akavuliwa saa, akapita kwenye mlango wa chuma, ukapiga kelele.

"Una nini mfukoni?" mlinzi akauliza.

"Sina kitu."

"Huu mlango hauna wivu na wewe. Toa."

Akatia mkono mfuko wa shati, ikatoka misumari, gao zima la kujaza kiganja. Mlinzi akaitazama, akamtazama.

"Unakuja kuhojiwa au kujenga?"

"Mimi fundi makochi, kaka. Hii iko kila mahali. Hata kwenye chai nimewahi kuikuta."

"Haya, pita. Simu na misumari vinabaki hapa. Na dada yako anabaki ng'ambo ya barabara."

Akaingia peke yake.

Ukumbi ulikuwa na ubaridi wa ndani ya kisima. Watu wamekaa safu safu, wamevaa nguo zao za harusi na za msiba, maana ndizo nguo nzuri mtu anazokuwa nazo, na wote midomo yao inachezacheza bila sauti. Mwanzo akadhani wanasali. Baadaye akaelewa: wanarudia majibu. Jina la mke, kazi ya mume, nani alikaa wapi siku ya ndoa. Sauti ikatulia kama povu juu ya maji, ssss, sss. Fundi akahisi wote wamezama, wamekaa chini kwenye sakafu ya ziwa, na kila namba ikiwaka ukutani mmoja anaelea juu, anapotea. Akafumba macho. Bila birika, bila kijiko, bila pumzi, masikio yake yalikuwa matupu kama nyumba iliyohamwa. Hakuwa amekaa bila sauti ya mkewe asubuhi namna ile kwa muda mrefu. Akagundua kidole chake kinagonga goti.

Namba yake ikawaka. Akaelea.

Nyuma ya kioo alikaa mwanamke wa makamo, uso wa mtu ambaye usingizi umempita pembeni. Kando yake mzee mwembamba, tai imemkaba, huyo ndiye mkalimani. Mwanamke akichezesha midomo, hakitoki kitu. Kisha kutoka kwenye kipaza sauti inakuja sauti ya mzee. Midomo ya mwanamke, sauti ya mzee. Fundi ikambidi ajikaze, maana ilikuwa kama ndoto ile ambayo mama yako anakuja kwa sura ya jirani na wewe hushangai.

"Inua mkono wa kulia, uape kwamba utasema kweli."

Akaapa.

"Mlikutana wapi?"

Akasema. Kiti, sponji, shangazi. Hayo hayakuhitaji mazoezi.

"Mnawasiliana vipi?"

"Kila siku tunaongea kwa simu. Tunapanga maisha yetu ya baadaye." Ikatoka yote kwa mkupuo, kama shairi la darasa la pili, na yeye mashairi ndiyo yaliyomkimbiza shule.

Mwanamke akainua macho. "Jana mliongea nini?"

"Maisha ya baadaye."

"Yapi?"

"Ya... ya mbele."

"Mlisema nini kuhusu hayo maisha?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya fundi haikuwa hata na kona. Akasimama pale. Akafikiria pazia. Akafikiria dada yake kwenye nondo. Nyuma yake mtoto wa mtu alikuwa anakohoa, mashine ya maji ikatoa tone, na mwanamke akaanza kukunja faili polepole, kama mtu anayefunga duka. Fundi akaona chumba cha kule kinafungwa pamoja nalo: birika, dirisha, kitanda, kimoja kimoja taa zinazimwa.

"Ngoja," akasema. "Nimedanganya."

Mkalimani akageuka, akamwangalia kwa macho ya baba. "Kijana. Nitafsiri hilo?"

"Tafsiri, mzee. Mwambie jana hatukuongea kitu. Na juzi hatukuongea. Mimi nakuwa na misumari mdomoni."

"Misumari."

"Mdomoni, ndiyo."

Mzee akavuta pumzi, akalegeza tai, akasema hivyo hivyo. Mwanamke akauliza mara mbili. Kisha akaliacha faili wazi.

"Kama hamuongei, mnafanya nini?"

"Nasikiliza anavyolala."

Akaona hapo hakuna kurudi nyuma, maji ameshayavulia nguo. Akasimulia. Birika linavyonung'unika. Dirisha linavyopigwa kofi. "Ana buti, akivua la kwanza analitupa, la pili analiweka taratibu. Sijui kwa nini. Nadhani la kwanza ni hasira, la pili anakumbuka jirani wa chini. Halafu lifti ikipita kijiko kinalia. Huko juu kuna mtu na tarumbeta, amekwama sehemu moja tangu mwaka jana, akifika pale namsikia mke wangu anaguna. Halafu anageuka ukutani. Najua ni ukutani kwa sababu pumzi inakuwa nene, inarudi. Akigeukia chumbani inakuwa nyembamba. Pazia sijui. Nilifundishwa niseme jeupe. Sijui, bibi. Mimi chumba kile nakijua kwa masikio."

Mkalimani alikuwa anafuata nyuma yake, sauti yake imeshuka, imelainika, hata ile namna ya kusema kama anasoma tangazo ikapotea. Mwanamke aliegemea kiti. Haikujulikana anaangalia nini. Fundi angeapa tena kwamba alisikia kijiko.

Kisha midomo ikacheza, na mzee akasema, "Na yeye? Kutoka kwako anasikia nini?"

Fundi akainua macho kwa mzee.

Ni kitu cha kipuuzi, lakini hakuwahi kukifikiria. Miaka yote ile alikuwa amesimama na sikio kwenye tundu la ukuta, wala haikumpitia kichwani kwamba tundu lina pande mbili.

"Sijui," akasema. Na akajua kabisa kwamba ndilo neno aliloonywa na mama. "Sijawahi kumuuliza. Ndiyo kwanza naambiwa kwamba na kwangu kuna sauti."

Mwanamke akacheka. Si sana, puani tu. Akaandika kitu, akapiga muhuri, akasukuma karatasi kwenye tundu la chini ya kioo.

"Anasema, viza umepewa," mkalimani akasema. "Pasipoti utaifuata ukiitwa. Na anasema, kamuulize." Halafu akainama kwenye kipaza sauti, akaongeza la kwake: "Mimi pia ningependa kujua, lakini kazi yangu ni kutafsiri tu."

Nje jua lilimpiga kama mtu anayemdai salamu. Mlinzi akampa simu na gao lake la misumari. Ng'ambo ya barabara, chini ya kivuli cha duka la vioo, dada alikuwa amesimama, mikono kichwani, anauliza kwa nyusi. Fundi akamwonyesha kidole: ngoja. Akapiga kwanza kule.

Ikalia mara moja tu.

"Hujalala?" akauliza.

"Nalalaje? Kimya." Sauti ya mkewe ilikuwa kavu, ya mtu aliyegeuka-geuka. "Niambie."

"Wamenipa."

Akasikia kitanda kinasema neno lake refu, akasikia miguu chini, akasikia kelele, kisha kicheko, kisha kile kilio kinachotoka kwa pua. Fundi akaegemea ukuta wa ubalozi. Magari yakapita mbele yake laini, bila uzito, kama vitu vilivyochorwa kwenye kitambaa kinachopepea.

"Mke wangu, hebu niambie. Ukilala na simu, kwangu unasikia nini?"

"Umeulizwa hilo?"

"Nimeulizwa. Nimekuwa bubu."

"Nasikia nyundo," akasema. "Hiyo ndiyo inanilaza. Ukiacha kugonga naamka, nangoja, ukianza narudi. Nasikia cherehani. Nasikia mama anaburuta ndala kutoka jikoni. Kuna mlango wa uani, upepo ukija unasema kama mtu anaitwa. Friji ikinyamaza najua umeme umekatika, najua sasa hivi wifi atalaani. Mvua ikianza nasikia kwenye mabati kabla hujasema. Mimi huku silali, mume wangu. Mwili ndio umelala huku. Mimi nalala hapo, chini ya meza yako, kwenye vitambaa."

Fundi akaibana simu sikioni. Safari hii hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni.

"Sasa ukija," mkewe akasema, na sauti ikapungua, "nitakusikia wewe. Hilo nalitaka, usinielewe vibaya. Njoo. Njoo hata kesho. Ila sikuwa nimefikiria. Ukija, huko kunazimika. Shangazi alihama, hata sijui yuko wapi. Mimi kwetu ni hapo barazani. Nani ataniachia mlango wazi?"

Angeweza kumwambia yataisha, utazoea. Hakuwa mtu wa maneno hayo. Alitazama viatu vyake. Alikuwa ameshinda, karatasi iko mfukoni, na alikuwa anajisikia kama mtu aliyebeba kochi la mteja mpaka mlangoni, akakuta mlango mwembamba.

Dada alishindwa kungoja. Akavuka barabara, mikono imepanuka, magari yakimpigia honi naye akiyapigia kelele.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakitikisa kama nazi. Halafu akamtazama usoni, akaacha. "Mbona uso wa aliyenyimwa?"

Akamwambia. Akamwambia vile vile kama alivyoambiwa, nyundo, ndala, mlango, friji, barazani, bila kuzungusha. Dada alisikiliza, mdomo umejikunja upande. Alipomaliza, dada akanyoosha mkono, akaichukua simu, akabonyeza spika.

"Wifi."

"Abee, wifi."

"Ati unanisikia mimi pia?"

"Kila siku. Cherehani yako ikifika kwenye kona inapunguza. Na ukikosea mshono unajitukana mwenyewe, halafu unajiomba msamaha."

Dada akaangalia pembeni. Watu walikuwa wanatoka getini, wengine wanacheka, mmoja amejifunika uso kwa bahasha.

"Na ile siku?" dada akauliza taratibu. "Wakati huyu ametoka kupeleka kochi, mama amelala. Nilipoweka kichwa juu ya cherehani nikalia."

"Ile nayo niliisikia."

"Hukusema kitu."

"Ningesemaje, wifi? Nilikaa macho tu mpaka ukanyamaza."

Dada akafuta uso kwa mgongo wa mkono, haraka, kama anafukuza nzi. Fundi alijifanya anaangalia bendera. Ile siku hakuijua. Walikuwa wanakaa baraza moja, mkono kwa mkono, na aliyeisikia alikuwa upande wa pili wa dunia.

"Nami nilidhani naongea na ukuta," dada akasema. Kisha akakohoa, sauti yake ya kawaida ikarudi, ile ya kugombana. "Sasa sikiliza. Nyundo siyo ya huyu. Huyu alipoacha shule anazurura mitaani kama kuku, nani alimfundisha kugonga? Mimi. Nilimwachia kwa sababu mikono yangu ni mizuri. Akiondoka nitagonga mimi. Simu itakaa pale pale. Bando, tutajua. Ila misumari mdomoni sitii, nitaiweka kwenye kopo, maana mimi na wewe, wifi yangu, tutaongea. Mambo ya mm-mm siyawezi."

Kule upande wa pili kulisikika kicheko kilicholowa.

"Haya, panda kitandani. Usikate. Kochi la mwenye duka linadaiwa miguu leo."

"Dada," fundi akasema, "hiyo ni simu yangu."

"Wewe unakwenda kwa mwenyewe, simu ya nini?" Akaiinua juu kidogo, iusikie mtaa wote: honi, mlinzi anayepiga soga, viatu vya watu. "Hapo ni barabarani, wifi, usiogope, tunafika sasa hivi. Huyo anayelalamika ni mumeo."

Akageuka, akaenda zake, simu mbele yake kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa, na hakutazama nyuma.